Bibi Kalunde na Mikongo ya Watoto

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mmenyimwa ugali? Paukwa!

Pakawa!

Eeh, hapo sawa. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na msitu. Msitu haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa wote. Aliyepewa kuutunza ni Bibi Kalunde, ajuza mwenye kikapu mgongoni na maneno machache mdomoni.

Kila mtoto alipozaliwa, alipandiwa mti wa mkongo ukingoni mwa msitu. Na watu, jamani, wanapenda vitu vizuri! Wote waliokota mbegu chini ya mkongo mmoja tu, ule wa njiani, mnene, ulionyooka. Maganda yakipasuka, ta! ta! ta!, mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu zinamwagika, nao wanagombania.

Bibi Kalunde hagombanii. Anakwenda, anakwenda, mpaka mkongo wa mwambani, uliopinda. Anaokota. Anakwenda, anakwenda, mpaka mkongo wa bondeni, wenye vifundo. Anaokota. Kisha anazichanganya zote na kuzipanda nyuma ya kibanda chake.

"Bibi, utatujazia vibiongo!" watu walimcheka.

"Msitu una mama wengi," alijibu. "Mimi nawasalimia wote."

Basi mama mmoja wa kijijini, Kabula, akajifungua binti. Kabla ya huyo alikwisha kuzika wawili. Bibi Kalunde akamletea mche, umepinda kidogo.

"Nisamehe, Bibi," Kabula alisema. "Huyu nataka nimpe ulio bora."

Akapanda wa mkongo wa njiani, kama wenzake.

Mvua zikaja. Wadudu nao wakaja. Kwaru, kwaru, kwaru! Wakala mizizi ya miche ya mkongo wa njiani, wa huyu na wa yule, yote ikanyauka. Ilikuwa ndugu wa mama mmoja. Kilichoushinda mmoja kiliishinda yote.

Kabula alipoukuta mche wa mwanawe umekauka, alikaa chini na mtoto kifuani, akalia, maana aliona kama kifo kimerudi kupiga hodi.

Bibi Kalunde akamkuta hapo. Hakusema, "Si nilikwambia?" Aliketi naye mchangani, akamfuta machozi kwa upindo wa nguo yake.

"Hebu nipe nimpakate," alisema. Akamsikiliza mtoto kifuani. "Anapumua vizuri kabisa. Mti ni mti, mwanangu, na mtoto ni mtoto. Huyu hajanyauka."

Kabula akashusha pumzi. Bibi naye akatua kikapu. Ndani mlikuwa na miche: wa mwambani, wa bondeni, wa kilimani, hata mmoja wa ule mkongo wa njiani, aliouotesha nyuma ya kibanda chake, wadudu wasikofika.

"Bibi, upi ndio utakaoishi?"

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana nimeleta yote."

Wakaipanda yote, Kabula akichimba, Bibi akibembeleza mtoto. Mingine ilikufa. Mingine ikasimama, na kijiji kizima kikaja kwa Bibi kuomba mbegu za mama wengi. Bibi Kalunde hakuishi kuiona ikikomaa. Mimi sikumwahi, lakini nampenda mno bibi yule.

Basi, wanangu, mkikabidhiwa msitu wa wote, msitunze ule mti mnaoupenda peke yake. Tunzeni mbegu za kila mti, hata uliopinda, kwa sababu hakuna anayejua mwaka ujao utahitajika upi.

Hadithi yangu naitua hapa. Nendeni mkalale salama.