Mshokishoki Dume wa Bi Mize

Hivi nyinyi mliojipanga hapo mkekani, yupo kati yenu aliyewahi kuhukumiwa na mtu asiyejua anachokihukumu? Nyoosheni mikono. Haya, ishusheni, msije mkachoka bure kabla sijaanza.

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu walioshiba? Itikieni kama wanaosubiri majibu ya interview. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Zamani hizo, zamani za kale, kabla watu hawajajifunza kuandika "We regret to inform you", palikuwa na kijiji. Kijiji kilikuwa na Jumbe, jina lake Shaame. Na Jumbe Shaame alikuwa na wapwa. Penye kiti, pana mpwa. Mpwa wa visima, mpwa wa njia, mpwa wa kuhesabu mbuzi, na mpwa wa kumsimamia anayehesabu mbuzi.

Na palikuwa na mwanamke mmoja, Bi Mize.

Bi Mize huyu, ujanani mwake, alikwenda nchi ya mbali kusomea miti. Akajifunza kuotesha, akajifunza kupogoa, akajifunza kuutambua mti kwa jani lake, kwa gome lake, kwa harufu ya tawi lililovunjwa. Alipohitimu akarudi, hata mzigo hajaufungua, akaenda kwa Jumbe.

"Jumbe, nimesomea miti. Nipe kazi ya kuitunza miti ya kijiji."

"Umewahi kuitunza miti ya kijiji?"

"Bado. Ndiyo kazi ninayoiomba."

"Kama hujawahi, utaiweza vipi?"

"Nikipewa, nitakuwa nimewahi."

"Basi kawahi kwanza, halafu urudi. Wewe nenda, tutakuita."

Mnacheka? Chekeni tu, si nyinyi mlioambiwa. Au ndio nyinyi?

Bi Mize akaenda kungoja mwito. Akangoja, akaolewa. Akangoja, akazaa, watoto wakakua, wakatawanyika. Akangoja, akafiwa na mume. Mvi zikaota, meno yakapungua, mwito kimya. By the way, nafasi yenyewe ilijazwa siku ileile, Bi Mize hajafika hata kwao. Alipewa Faki, mpwa wa Jumbe, akaitwa Mkaguzi Mkuu wa Miti. Faki huyu, wallahi, alikuwa hatofautishi muhogo na mbaazi. Lakini alikuwa na kofia nzuri.

Sasa shikeni hili, maana hadithi nzima imekalia hapa. Katika kijiji hicho, mjane hakuachiwa kiwanja cha marehemu mumewe hivi hivi. Ilimpasa awe na mti wa matunda uani, alioupanda kwa mkono wake. Mti ukiwapo, kiwanja ni chake mpaka kufa. Mti usipokuwapo, kiwanja ni cha Jumbe, na mjane atajua mwenyewe pa kulala. Bi Mize hakuwa na pengine. Ni ua ule, nyumba ile, basi.

Siku moja akapita mgeni muuza vyungu, mkononi ana kapu la matunda ambayo kijiji hakijapata kuyaona. Mekundu, yana manyoya mwili mzima kama viwavi. Watoto wakakimbia. Faki naye akakimbia, na huyo ndiye mkaguzi. Bi Mize akachukua, akamenya, akatia mdomoni. Nyama nyeupe, inateleza, tamu.

"Hili shokishoki," akasema. "Nililiacha kule nilikosoma."

Kokwa hakuzianika hata kidogo, maana kokwa ya shokishoki ikikauka imekufa. Akazifukia zingali mbichi, kila moja na kifuu chake cha nazi, kando ya mtungi wa kuogea, pale maji yanapomwagika. Mbili zikaota. Mche mmoja akaupanda uani kwake, ukawa ndio mti wake wa kushikia kiwanja. Wa pili akampa jirani yake, Bi Kazija, mjane mwenzake.

Miti ikapanda, ikapanda, ikapanda. Miaka ikapita, ikapita, ikapita. Ikachanua yote miwili. Nyuki wakaja, vuuu, vuuu, vuuu. Mti wa Bi Kazija ukazaa mpaka matawi yakalala. Mti wa Bi Mize ukatoa maua, maua, maua, kisha ukayamwaga. Tunda? Hata la dawa.

Bi Mize akachuma ua la kwake na ua la kwa jirani, moja kiganja hiki, moja kiganja hiki. Ua la jirani limetuna katikati, limebeba tunda changa. La kwake lina unga wa manjano tu, katikati patupu. Akacheka peke yake.

"Shoga," akamwita Bi Kazija, "wangu dume."

"Mti, dume?"

"Dume. Wako unazaa kwa sababu wangu upo. Nyuki wanachukua unga huku, wanakuletea huko."

"Kumbe miaka yote hii nakula kwa jasho la mume wako."

"Kula, shoga. Ila nisikusikie unamwita baba watoto."

Tangu hapo kila msimu Bi Kazija akawa anajaza makapu. Kapu la Bi Mize, kapu la nyumbani, na kapu kubwa kupita yote la Jumbe, kwa sababu Jumbe hakuomba wala hakukataa. Jumbe Shaame akayapenda mashokishoki kuliko wakeze. Akiyaona, hasalimii mtu.

Basi mpwa mmoja akataka kuoa, akakosa pa kujenga. Jumbe akatazama kijiji chake huku na huku, jicho likatua uani kwa Bi Mize. Akamwita Faki.

"Faki, kakague miti ya wajane."

"Wote, mjomba?"

"Anza na Bi Mize. Ukichoka, ishia hapohapo."

Faki akaja na kofia yake, na watu wawili wa kumbebea fimbo. Akauzunguka mti. Akaugonga, ngo, ngo, ngo. Akalinusa jani. Akalilamba.

"Huu mlimau," akasema.

"Miiba yake iko wapi?" akauliza Bi Mize.

"Imeanguka."

"Hilo jani ulilonusa lina harufu ya limau?"

"Nina mafua."

"Faki, baba, huo ni mshokishoki. Kama ule wa Bi Kazija, umeuona pale ng'ambo ya ukuta?"

"Ule una matunda. Wa kwako matunda yake yako wapi?"

"Kwa Bi Kazija."

Watu waliojaa uani wakaangua kicheko, na mbeba fimbo akaangusha fimbo. Faki akajishika kiuno. "Mti uko kwako, unakwenda kuzaa kwa jirani. Una miguu?"

"Una nyuki."

"Basi kiwanja tuwape nyuki."

Bi Kazija akasogea. "Mkaguzi, anasema kweli. Ukikatwa huo, na wangu umekwisha."

"Wewe unakula naye kapu moja. Ushahidi wako umeshashiba."

Ona mambo hayo. Aliyesoma, mwongo. Aliyeona, ameshiba. Wa kweli ni mwenye mafua.

Bi Mize akamwendea Jumbe mwenyewe. Hakulia, hakupiga magoti. Akamwuliza tu, "Jumbe, ukiukata mti wangu, msimu ujao utakula nini?"

"Nitakula ya Kazija."

"Ya Kazija ndiyo ya huu."

Jumbe akamtazama Faki. Faki akatikisa kichwa, kofia ikatikisika. "Mjomba, mti wa matunda ni ule wenye matunda. Ule ni kuni."

"Mkaguzi ameshakagua," akasema Jumbe.

Shoka likaja. Ko, ko, ko. Bi Mize amesimama mlangoni, anatazama. Ko, ko, ko. Pwaaa. Jua likaingia uani mahali ambapo halijaingia kwa miaka. Kabla ya alasiri vyombo vyake viko nje, na mpwa anapima mahali pa kuweka kitanda cha harusi. Bi Mize akabeba mtungi wake, akahamia pembeni mwa jiko la Bi Kazija. Mama wa watu, msomi, analala na majivu.

Msimu ukaja. Mti wa Bi Kazija ukachanua. Nyuki wakaja, vuuu, wakazunguka, wakaondoka. Maua yakamwagika, yakamwagika, yakaisha. Tunda? Hata la dawa.

Na msimu huohuo Jumbe alikuwa amemwalika Jumbe wa nchi ya pili, mkubwa kuliko yeye, na ameshamringia: njoo ule tunda lenye nywele. Mgeni akaja na watu wake, wakakaa, wakanawa mikono. Jumbe akamwita Faki pembeni. Faki akasema, mjomba usiwe na wasiwasi, mimi ndiye mkaguzi. Akaenda akachuma ndimu. Akazipaka hina. Akazibandika nywele za mahindi kwa utomvu wa fenesi. Akazipanga kwenye sinia, kwa mbali mtu akafikiri ndiyo yenyewe. Mgeni akaitia moja mdomoni nzimanzima. Jicho likafumba, shavu likaingia ndani, sikio likasogea. Akatema, akainuka, na kahawa hakuinywa. Watu wake wakainuka naye.

Siku hiyo ndipo mwito ulipokuja. Maisha mazima, ukaja siku hiyo. Bi Mize akaenda polepole, na kijiji kizima kikamfuata nyuma.

"Bi Mize," akasema Jumbe, "tupandie dume jingine."

"Nipande wapi, Jumbe? Kichwani?"

"Kiwanja chako kimeshajengwa."

"Kilichojengwa hubomolewa. Kisiki changu kiko palepale, mke wa mpwa wako anakikalia akipika. Kila mvua kinachipua, na kila asubuhi anayakwanyua machipukizi. Niachie kisiki na ua wangu, nikilee. Mpwa atoke leo. Si kesho."

Jumbe akakohoa. Akatazama watu. Watu wakamtazama yeye, hakuna aliyecheka. Mpwa akatoka na kitanda kichwani, mkewe nyuma na sufuria bado ina moto.

"Sasa niambie," Jumbe akasema, sauti imeshuka. "Kitachanua lini?"

"Kikikua."

"Mimi bado nipo?"

"Hilo mwulize mkaguzi wako."

Jumbe Shaame alikufa chipukizi lile likiwa kimo cha mbuzi. Alikufa anauliza shokishoki, wakampa ndizi. Bi Mize akaishi. Akalipogoa, akalimwagia maji ya kuogea, akaliwekea miiba mbuzi wasile. Likawa mti, mti ukachanua, nyuki wakaja, vuuu, vuuu, na kwa Bi Kazija matawi yakalala tena. Bi Mize akafia kwenye kitanda chake, ndani ya nyumba yake, mlango ukiangalia mti wake. Mpaka leo kijijini kule, mti ukichanua bila kuzaa, hakuna anayegusa shoka. Watu husema, lete ua tulitazame, kama alivyofanya Bi Mize.

Na Faki? Mnamwulizia Faki? Alipandishwa cheo. Akapewa visima.

Funzo lake ni hili, na silipambi: usiseme kitu hakizai kabla hujajua kinamzalishia nani, na usimnyime mtu shimo la kupandia kisha ukamdai matunda. Hadithi yangu nimeitua hapa, aokotaye na aokote.

Lakini nyinyi mnaowapa watu kofia, msiondoke kwanza. Nawajua mpo, mmekaa mbele, penye mito. Wakaguzi wenu waleteni hapa uwanjani, jua likiwa utosini, mbele yetu sote. Kila mmoja mpeni majani matatu mkononi, ayataje. Akiyataja, tutamwamkia. Akishindwa, mtoeni kitini papo hapo, na aliyesomea akae.