Shairi la Kukuna Nazi

Hapo zamani, katika mji wa Kisimajuu, palikuwa na desturi kwamba baba wa bibi harusi sharti aimbe shairi alilotunga mwenyewe, awe nani awe. Basi ikawa Sultani Zubeiri anamwoza bintiye, na kichwani mwake hamna hata mstari mmoja. Akamwita Mshamu, malenga fukara wa kanzu moja, ambaye mkewe, Bi Mosi, hakujua kunyamaza.

"Mshamu," akasema Sultani, "malenga wenzio waniambia shairi hushuka toka mbinguni. Nimetazama juu mpaka shingo imekauka. Wewe nifundishe yote uyatendayo utungapo, nami niyatende. Ukinificha hata moja, wewe na mkeo mtahama mji huu."

Kwa kweli Mshamu hakujua mashairi yake yalikotoka. Yeye aliamka, akakuna nazi kwa amri ya mkewe, akakaripiwa, na kabla chakula hakijaiva ubeti ulikuwa umekwisha kuja. Nani angeamini hayo pale barazani? Basi akaazimia kutii neno kwa neno.

"Hewala, seyidi yangu. Ila shairi langu halijapata kutungwa kasrini. Hutungwa uani kwangu, na mtungaji huwa hajala."

Kesho yake asubuhi Sultani akafika na njaa yake, waziri akimfuata na kidau cha wino. Mshamu akamketisha juu ya mbuzi, kile kigoda chenye meno ya chuma, akamtilia mkononi kizio cha nazi.

"Hiki cha nini?"

"Mimi huanzia hapa, seyidi."

Basi Sultani akakuna. Akajikwaruza kidole, akakilamba, akakuna tena, jasho likimtiririka ndani ya joho. Mara Bi Mosi akatokea mlangoni.

"Na huyu aja kufanya nini?"

"Aja kukukaripia, seyidi. Uliniamuru nisifiche hata moja."

Bi Mosi kwanza aliona haya. Kisha akachungulia bakuli, haya zikamtoka.

"Seyidi yangu, hiyo ndiyo nazi? Umekuna mpaka kifuu, tui litakuwa jeusi. Kizio kimoja tangu jua kuchomoza! Kwa mwendo huo bintiyo ataolewa, atazaa, atapata wajukuu, na wali bado haujaungwa."

Waziri akashika upanga. Lakini Sultani alikuwa amekwisha kuitupa nazi, akanguruma:

"Kiuno kinaniuma, na nazi haijaisha!
Mke huyu anisema, na jiko hajaliwasha!"

Mshamu akahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, akarudia kuhesabu, na vina navyo akaviona vimekaa mahali pake. Sasa alijua hatahama.

"Waziri, andika," akasema.

"Aandike nini?" akauliza Sultani.

"Shairi lako, seyidi. Mistari miwili imekwisha kuja."

Sultani akayarudia maneno yake polepole, naye akihesabu vidole. Akaanza kutabasamu, kisha akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye mbuzi. Alipopata pumzi akauliza, "Ubeti ni mistari minne. Miwili iliyobaki iko wapi?"

Mshamu akamwinamia kwa adabu, akampa kizio cha pili. Bi Mosi akajishika kiuno, akavuta pumzi.

Basi siku ya harusi Sultani akaimba, ukumbi ukatetemeka kwa vigelegele. Mshamu alikuwa ameketi mbele katika kanzu mpya, na Bi Mosi kando yake na bangili za fedha mikononi. Wageni wakamzunguka Sultani, wakamwuliza shairi tamu namna ile amelipata wapi.

Sultani akaficha vidole vyake vilivyochubuka ndani ya joho, akatazama juu, akasema limeshuka toka mbinguni. Bi Mosi akafungua mdomo, na Mshamu akawahi kumtia tende.