Bendera Nyekundu ya Mtaa wa Wafinyanzi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Sham palikuwa na mji wa mitaa kumi na mitatu, kila mtaa na lango lake na sheha wake. Masheha wote, pamoja na askari wa ulinzi, walikuwa chini ya waziri mmoja mcha Mungu aitwaye Nuuman bin Sabiq. Vita vya nje havikumhusu. Hivyo vilikuwa vya maamiri. Amana yake yeye ilikuwa usalama wa ndani ya kuta: watu walale, wauze, wasali, na mwenye shida apate pa kuipeleka.

Waziri huyu aliweka desturi. Kila Ijumaa baada ya swala, sheha hupandisha bendera juu ya lango lake, nyeupe ikiwa wiki imepita kwa amani, nyekundu ikiwa watu wamepatwa na dhara lolote. Na ili kuwatia hamu, akaahidi kwamba mtaa utakaotimiza Ijumaa arubaini za bendera nyeupe mfululizo utachimbiwa kisima, na sheha wake atavishwa joho.

Sheha wa mtaa wa wafinyanzi alikuwa Shuaib bin Mardas, mtu mwema, mwenye kuswali kwa wakati, ila alipenda kidogo kutazamwa. Mtaa wake ndio pekee usiokuwa na kisima. Wanawake walikwenda kuteka maji mtaa wa pili na kurudi hoi, na mfinyanzi bila maji atafinyanga nini? Basi bendera nyeupe ya thelathini na tisa ilipopanda, watu walisoma qasida kwa furaha. Mitaa mingine yote nayo ilikuwa imefikia thelathini na tisa, wala hakuna aliyeona ajabu.

Ikabaki Ijumaa moja. Shuaib hakuweza kungoja. Akajishonea joho la kujaribia. Alhamisi magharibi, saa ambayo sheha hufunga lango kwa mkono wake, yeye alikuwa chumbani akitembea kama amiri, ageuke huku, ageuke kule, na mkewe Rabab akimkagua mabega. Lango akalisahau wazi.

Ngamia wa wasafiri akapita langoni taratibu kama mgeni aliyealikwa. Akaenda moja kwa moja hadi uani kwa Bi Lubaba, mjane mzee, aliyekuwa ameanika vyungu vyake kabla ya kuvichoma. Kulipokucha hapakuwa na chungu kilichosimama, na ngamia alikuwa amejilaza katikati ya vigae anacheua.

Shuaib alipoona, uso ulimshuka. Bi Lubaba, Mungu amlipe kheri, akasema amekwisha msamehe. Wazee wa mtaa wakaafikiana upesi: ngamia arudishwe kwa mwenyewe kimya kimya, na bendera nyeupe ipande kama kawaida. Shuaib akarudi nyumbani na moyo mzito. Joho sasa hata kulitazama aliona haya. Kilichomtesa ni kisima: atawanyimaje watu maji kwa kosa lake mwenyewe?

Rabab akamwambia, "Ukipandisha nyekundu, mtungi nitaendelea kuubeba mimi."

"Najua, mke wangu. Lakini Waziri ameniamini nimwonee yale asiyoyaona. Nikimdanganya leo kwa ngamia, kesho wakija wezi nitamwambia nini anisadiki?"

Rabab akafungua kasha, akatoa bendera nyekundu ambayo haijawahi kutumika, akaikung'uta vumbi na kumkabidhi.

Swala ilipokwisha, malango kumi na mawili yakapeperusha nyeupe, na moja nyekundu. Watu wa mtaa walikasirika kwelikweli. Wapo waliopita mbele ya Shuaib wasimpe hata salamu. Na haukupita muda, Waziri akafika mwenyewe na askari sita, maana rangi ile hajapata kuiona tangu desturi ianze. Askari wakauliza majambazi wako wapi. Wakaonyeshwa ngamia, bado yuko uani anacheua.

Waziri akauliza ni nani aliyeacha lango wazi.

"Ni mimi, ewe Waziri," akasema Shuaib. "Nilikuwa najaribu joho ambalo hujanipa."

Waziri akacheka hata ndevu zikatikisika, kisha kicheko kikageuka machozi. Akasema kwamba kwa wiki thelathini na tisa ameletewa nyeupe tu, na huku sokoni anawasikia watu wakilalamika kuibiwa, asijue askari awapeleke wapi. Hakuwalaumu masheha. Kosa, akasema, lilikuwa lake yeye, aliyeweka zawadi juu ya kunyamaza. Papo hapo akaifuta ahadi yake, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo msaada wa dola utakwenda inakopanda nyekundu.

Kisha akamgeukia Shuaib. "Je, mna dhara jingine katika mtaa huu?"

"Hatuna maji. Wanawake wetu hugombana kila siku kisimani kwa watu."

"Na kwa nini hukunipandishia nyekundu kwa jambo hilo?"

Shuaib akainamisha kichwa. "Niliogopa tutakikosa kisima."

Bi Lubaba ndiye aliyeanza kucheka, na mtaa mzima ukamfuata, hata wale waliomnunia. Jumamosi wachimbaji walikuwa kazini. Shuaib akafinyanga vyungu vya mjane mwezi mzima, naye Bi Lubaba hakuacha kukosoa hata kimoja. Na Ijumaa iliyofuata malango yote kumi na matatu yalikuwa mekundu. Askari hawakupata hata nafasi ya kuketi, na Waziri alionekana mwenye furaha kama bwana harusi.

Ndugu zangu, wapo waliokabidhiwa usalama wetu, na wapo waliokabidhiwa kuwapelekea habari zetu. Wote hao wataulizwa. Mola atupe viongozi wanaopenda kuambiwa, nasi atupe ulimi wa kuwaambia, hata kama lango tumeliacha wazi sisi wenyewe.