Gari Lililokemewa

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja aliyenunua gari. Lilikuwa limeshatumika, la kutoka Japani, lakini kwake lilikuwa jipya, hata nailoni za viti hakuzitoa. Gari lenyewe halikuwa na tundu la kuchomeka ufunguo. Unatembea na rimoti mfukoni, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, limewaka. Basi hakuna mgeni aliyeondoka pale nyumbani bila kuambiwa, "Hebu bonyeza hapo uone!"

Lakini hakulinunua kwa maringo tu. Mkewe alikuwa amepata ujauzito baada ya miaka tisa ya kungoja, na hospitali ilikuwa mbali, nyuma ya mlima. Alikuwa ameapa kwamba siku ya kujifungua mke wake hatapanda bodaboda.

Siku ikafika, asubuhi kweupe. Ikasadifu kuwa ndiyo siku ya kikundi cha maombi kukutana kwao, nyumba imejaa watu. Uchungu ukamshika mama, na damu ikaanza kutoka. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa, milango iko wazi likikauka, wakamlaza kiti cha nyuma. Bwana akarukia usukani, akakanyaga breki, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Yakatokea maandishi mekundu mbele ya usukani, Kijapani kitupu. Nani atayasoma?

Kumbe ni kijibetri cha ndani ya rimoti, kibapa kama kile cha saa, kilikuwa kimekwisha. Basi! Mafuta yalikuwemo, betri ya gari nzima, injini haina neno.

Lakini kiongozi wa maombi aliyaona yale maandishi mekundu akashtuka. "Ndugu, hili gari uliliombea kabla ya kuliingiza hapa?"

"Hapana, mtumishi."

"Limetoka ng'ambo! Unamjua aliyelitumia kwanza? Hii ni roho ya kuzuia uzao!"

Mnacheka. Chekeni tu.

Wakalizunguka. Wengine mikono kwenye boneti, wengine kwenye tairi. "Toka! Achia! Rudi ulikotoka!" Mama kule nyuma akainua kichwa, akasema kitu. "Amina!" wakaitikia, wakaongeza moto. Akasema tena, safari hii kamshika mumewe shati. Mumewe akampapasa mkono: "Amina, mke wangu, ushindi ni wetu." Mara ya tatu akasema huku analia, na dada mmoja aliyekuwa karibu naye akalia pia, akaitikia, "Amina, Bwana, amina!"

Dakika arobaini, ndugu zangu. Arobaini! Na mtu anatokwa damu.

Mwisho makoo yakawakauka, wakatulia kidogo wavute pumzi. Ndipo sauti ya yule mama ikasikika, ndogo sana: "Igusishe rimoti kwenye kile kitufe, halafu ubonyeze." Bwana akaigusisha, akabonyeza. Gari likawaka.

Mnajua walifanya nini? Walipiga vigelegele. Walisema pepo ametoka.

Hospitalini walimpokea mbiombio. Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia. Muuguzi akauliza, "Mlikuwa wapi muda wote huu?"

Baadaye bwana akakaa kando ya kitanda cha mkewe. "Mke wangu, habari ya rimoti uliijuaje?"

"Siku ile tunanunua nilimuuliza muuzaji, kijibetri kikiisha tutafanyaje. Wewe ulikuwa unalipiga gari picha."

"Sasa mbona hukusema mapema?"

Yule mama akamtazama. "Nilisema mara tatu. Mkaniitikia amina."

Mbona kimya? Najua wapo walioshaandika kwenye daftari, "Betri ni imani." Futa hiyo. Mimi mfano huu umenitisha, na nataka ututishe wote. Sisi tunaomba, na tunaomba vizuri, hadi majirani wanalalamika. Lakini mjane akija hapa akasema paa linavuja, sisi tunamjibuje? Amina, mama, Mungu atatenda. Binti akisema kuna mtu pale nyumbani anamsumbua, je? Tunamwekea mikono kichwani, tunapaza sauti, anarudi nyumba ileile. Haya, niambieni, hiyo ni imani, au ni namna ya heshima ya kutomsikiliza mtu? Mungu akiamua kuliweka jibu kinywani mwa mgonjwa mwenyewe, sisi tutalisikia saa ngapi, na makelele yote haya? Nimeumia, maana mikono ya kwanza kwenye boneti ingekuwa yangu. Nawajua, na yenu ingefuata.

Yuko dada yetu hapa ambaye ameleta ombi lilelile Jumapili tano mfululizo. Tumemwombea zote tano, kwa sauti kuu. Hakuna hata mmoja wetu, nikiwemo mimi mchungaji wenu, aliyemuuliza shida yake hasa ni nini. Sitamtaja. Dada, utusamehe. Leo saa kumi, ukiniruhusu, mimi na mke wangu tutakuja nyumbani kwako. Hatutaomba mpaka umalize kusema.