Tunutu wa Jumbe Mwinyikai

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika mwaka ulioanza siku ya Jumamosi, palikuwa na kijiji kilichohesabu siku zake kwa miongo, yaani kumi baada ya kumi, tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, hadi Nairuzi. Wasimuliaji wavivu husema "siku moja". Siku hii ina tarehe yake: ilikuwa ya sita ya mwongo wa ishirini na saba.

Asubuhi hiyo Bi Somoe, mkunga wa kijiji, alikwenda kumsaidia Zamda kupalilia. Zamda alikuwa na mimba ya miezi saba, na mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Mara Bi Somoe akasikia sauti mchangani. Chwe, chwe, chwe. Akainama. Ardhi ilikuwa inarukaruka! Vidudu vyeusi, vidogo kama punje za mchele, visivyo na mabawa.

"Wadudu gani hawa, Bibi?" akauliza Zamda.

"Tunutu, mwanangu."

"Tunutu ndio nini?"

"Nzige aliyezaliwa juzi."

Zamda akashika tumbo. Bi Somoe akalitazama tumbo lile, akahesabu. Mtoto angezaliwa mwongo wa thelathini na tatu, mahindi yakikomaa. Tunutu wangeota mabawa mwongo wa thelathini na moja. Katika njaa iliyopita alipokea watoto kumi na mmoja, akazika tisa, kwa kuwa matiti ya mama zao yalikauka. Hakutaka kuzika wa kumi.

Akaenda barazani kwa Jumbe Mwinyikai. Katika kijiji kile watu wote hawakuitwa kazini ila kwa baragumu, na baragumu lilikuwa la Jumbe.

"Jumbe, piga baragumu. Kuna tunutu mashambani."

"Kuna nani?"

"Tunutu. Wana wa nzige."

"Wana mabawa?"

"Hawana."

"Wanapaa?"

"Hawapai. Wanarukaruka chini."

"Basi si nzige. Sheria ya wazee wetu imesema baragumu hupigwa kwa moto, kwa vita na kwa nzige. Haikutaja vidudu."

Baraza zima likacheka. Kwa, kwa, kwa! Jumbe akanogewa.

"Mnamwona bibi huyu? Amezoea kubeleka vichanga. Leo anataka tumbelekee na wadudu!"

Bi Somoe akamngoja amalize kucheka, maana alicheka kwa muda mrefu, kama wanavyocheka watu wasio na la kusema.

"Jumbe, hilo unalokunywa maji yake ni dafu. Kabla ya kuwa dafu lilikuwa kitale, na kabla ya kitale lilikuwa kidaka. Ua huanza tumba, na chura huanza kiluwiluwi. Waliotuachia maneno hayo hawakuwa wakibembeleza watoto. Walitaka mtu akijue kitu kabla hakijamshinda nguvu."

"Maneno ya jikoni hayo. Wakishakuwa nzige, njoo uniambie."

Bi Somoe akakitazama kilemba cha Jumbe. Dhiraa saba za kitambaa kizuri, zimezungushwa pasipo na kitu ndani. Akaondoka.

Baragumu hakuwa nalo. Alikuwa na kigelegele. Mkunga akipiga kigelegele mara tatu nje ya nyumba, kila mwanamke wa kijiji huacha alichoshika akakimbia, kwa maana uzazi umekuwa mzito. Bi Somoe akapanda kichuguu katika shamba la Zamda.

Lililili! Lililili! Lililili!

Wakaja. Huyu ana unga mikononi, yule ana mwiko.

"Nani anajifungua?"

"Ardhi," akasema Bi Somoe. "Imekwisha kuzaa. Watazameni watoto wake."

"Eti! Umetutoa majikoni kwa ajili ya vidudu?"

"Kwa ajili ya vidudu. Wakubwa wao watawatoa kijijini."

Hapo hakuna aliyecheka. Wakajifunga vibwebwe, wakaleta majembe. Wakachimba handaki. Tu! Tu! Tu! Wakakata matawi, wakawaswaga tunutu. Chwe, chwe, chwe, mpaka handakini. Wakafukia. Fu! Fu! Fu! Shamba hili, kisha lile, mwongo mzima. Waume nao wakaja mmoja mmoja, wakisingizia kuwatafuta wake zao.

Walipofika shamba la Jumbe, wakamkuta mpakani na bakora.

"Kwangu hakuna nzige!"

"Twajua, Jumbe," akasema Bi Somoe. "Kuna tunutu."

"Kwa neno hilo hapachimbwi hapa!"

Hawakubishana naye. Wakachimba handaki kulizunguka shamba lake, upande wao wa mpaka, wakamwachia vidudu vyake.

Siku ya pili ya mwongo wa thelathini na moja, Jumbe akaamka akawaona wana mabawa. Masikini, kwanza akafurahi! Sheria sasa imetimia. Akalishika baragumu.

Puuu! Puuu!

"Nzige! Nzige! Leteni majembe!"

"Majembe ya nini, Jumbe?" akauliza Bi Somoe. "Jembe lilikuwa la tunutu. Kwa hawa, labda uote mabawa nawe."

Watu wakasimama mpakani wakipiga masinia ili nzige wasitue kwao. Vruuu! Wingu likainuka, upepo ukalichukua. Katika shamba la Jumbe halikubaki jani. Vilibaki vijiti, na Jumbe katikati yake akiwa na baragumu.

Siku ya tisa ya mwongo wa thelathini na tatu Zamda akajifungua mtoto wa kike. Akanywa uji wa mahindi mapya, matiti yakajaa, mtoto akanyonya mpaka akalala.

Siku hiyohiyo Jumbe Mwinyikai akaja mlangoni kuomba mahindi. Akapimiwa kibaba. Bi Somoe hakumcheka. Hakuwa na nafasi. Alikuwa na kichanga mikononi.

Mafunzo yake ni haya: mpumbavu naye hulijua jina la jambo, lakini siku ambayo jina halimfai tena.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia asiniulize tarehe.