Sugu si Donda

"Sugu si donda." Vijana waliusikia msemo huo harusini, bibi mmoja aliposhangiliwa kwa ubishi wake, wakamwendea Mzee Mbonea kumwuliza ulikotoka. Mzee akaweka kikombe chini, akawasimulia chanzo chake.

Zamani, huku kwetu milimani Upare, aliletwa bwana shamba mgeni aliyeitwa Lukindo. Akaamuru kuta za mawe zinazokatiza mashamba ya mteremko zibomolewe, mahindi yapandwe kwa mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Wengi walitii. Naghenjwa, mjane mwenye watoto wanne, alikataa, na wanawake sita wakasimama naye.

Lukindo akawaambia mbele ya mkutano, "Ninyi ni sugu! Hamfundishiki." Akawanyima mbegu.

Tangu siku hiyo, hata watoto kisimani walimwita Naghenjwa Mama Sugu. Alifika nyumbani, akafungua kibuyu cha mbegu zake mwenyewe, akaona ni chache mno. Aliogopa. Lakini ukuta ule aliujenga na marehemu mumewe, jiwe kwa jiwe, na alijua maji ya mlima ule yanavyoshuka. Akapanda alichokuwa nacho.

Masika yakaja kwa kishindo. Siku tatu mvua haikukatika. Siku ya nne, mashamba ya mistari yalikuwa yamekwenda mtoni, udongo na mahindi pamoja. Yale saba yenye kuta yalibaki, kijani kitupu.

Lukindo akapanda mlima, tope hadi magotini.

"Mama, nimekuja unifundishe."

"Karibu, baba. Shika jiwe."

Walijenga upya ukuta wa shamba la jirani hadi adhuhuri. Lukindo akafungua viganja vyake, malengelenge yamepasuka. Akatazama vya Naghenjwa, vigumu kama gome la mti.

"Wewe huumii?"

"Siumii. Sugu si donda, Bwana Shamba. Huota mahali palipofanya kazi sana. Ulipotuita sugu, ulidhani umetutukana."

Katika baraza lililofuata Lukindo alisimama, akawaomba radhi wale wanawake saba, mmoja mmoja kwa jina lake, na akaagiza kuta zijengwe upya.

Nao hawakulikataa tena lile jina. Wageni walipouliza ni akina nani waliookoa mlima, walijibu kwa sauti moja, "Ni sisi, wale sugu!"

"Basi mtu akiitwa sugu, wajukuu zangu," Mzee Mbonea akasema, "ulizeni kwanza ni kazi gani iliyomkomaza. Sugu si donda."