Kikombe Kilichofanya Utando

“Utakunywa,” alisema Mama Gwamaka, birika likiwa bado mkononi. “Leo utakunywa mbele yao, wakuone.”

“Mama, sitakunywa.”

“Basi funga nguo zako. Hao wanawake wakishaondoka, na wewe uondoke, urudi kwa baba yako ukanywe wanachokunywa kwao. Siwezi kuishi na mtu anayeniona mchawi.”

“Sijawahi kusema hivyo, mama.”

“Hujasema wewe. Kikombe chako kimesema.”

Mkwe wake, Subilaga, aliinama akapuliza moto. Ilikuwa asubuhi ya kuchuma chai, na wanawake wa kitongoji walikuwa tayari shambani, vikapu mgongoni. Saa nne wangepanda kuja jikoni kunywa chai. Ndiyo saa aliyopewa Subilaga: anywe akae, au asinywe aende.

Mtu mmoja alikuwa na nyumba kwenye mteremko wa mlima, na shamba la chai chini ya nyumba. Alikuwa na mke, ndiye huyo Mama Gwamaka, na mwana mmoja aliyekuwa dereva wa malori mbali na nyumbani, na mke wa mwana, ndiye Subilaga. Jina la mtu huyo sitalitaja, kwa kuwa Subilaga hakulitaja hata siku moja. Katika milima ile mke wa mwana humheshimu baba mkwe kwa kumwepuka. Akimwona njiani, anaiacha njia, anaingia majanini na kugeuza uso mpaka apite. Haketi kwenye kiti alichokalia. Halitamki jina lake, hata kama mtoto wa jirani anaitwa hivyo hivyo. Naye mzee hukohoa kabla hajafika mahali mkwe alipo, ili ampe nafasi ya kupisha. Kwa miaka sita Subilaga alikisikia kikohozi kile, akapisha. Hawakuwahi kusema neno, na hawakuwahi kukosana.

Kwa miaka hiyo sita alikunywa pia chai ya mama mkwe, chai ya maziwa na tangawizi, asubuhi na jioni. Kisha dada yake aliyekaa mjini akajifungua kwa shida, naye akaenda kumuuguza. Alikaa huko miezi mitano. Dada yake alikuwa akisali katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni. Subilaga akasali nao, akasikiliza, akamwomba mumewe ruhusa kwa simu, akabatizwa. Siku aliyorudi, mama mkwe alimpokea mzigo, akammiminia kikombe kilichojaa. Subilaga akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini.

“Asante, mama. Siku hizi sinywi chai.”

“Unaumwa?”

“Siumwi. Nimeahidi. Sisi hatunywi pombe wala hatuvuti tumbaku, na chai na kahawa pia hatunywi.”

“Pombe naelewa, hata walokole hawanywi. Lakini chai? Mchungaji wetu hunywa vikombe vitatu, halafu huomba cha njiani!”

Walicheka wote wawili. Kisha Mama Gwamaka akaacha kucheka, akakitazama kile kikombe.

Aliwaza hivi: mtu aliyekunywa miaka sita haachi bila kusikia jambo. Nani kamwambia nini huko mjini? Akakumbuka kwamba zamani mke wa shemeji yake alikunywa chai kwake, akatoka akiwa mzima, akafariki siku ya pili, na watu wakanong'ona msimu mzima. Je, mnong'ono ule umefika mjini? Je, umerudi umebebwa na mtoto aliyemlea kama wa kumzaa? Tangu siku hiyo akaanza kumtazama Subilaga kwa pembe ya jicho. Alionja chai kwanza mbele yake, kama anavyofanyiwa mgeni asiyejulikana, na ilimuuma sana kumfanyia hivyo mtu wa nyumbani. Subilaga hakunywa. Mama akabadilisha vikombe, akampa chake mwenyewe. Hakunywa. Akampa majani na maji, akamwambia, “Haya, chemsha mwenyewe.” Subilaga akachemsha, akammiminia mama, yeye hakunywa. Siku moja mama akamkuta akichemsha mchaichai nyuma ya nyumba. Akauona mvuke, akanusa.

“Kumbe majani unakunywa,” alisema. “Ila yangu ndiyo huyataki.”

“Mama, mchaichai haukatazwi. Ni chai yenyewe na kahawa.”

“Na nani kakaa akachagua, hili jani ndiyo, lile hapana?”

Subilaga alimweleza alivyoweza. Hakuwa na maneno mengi. Alisema kwamba mwili amepewa autunze. Alisema kwamba hilo waliambiwa zamani, nao wanalishika kwa sababu waliahidi. Lakini kila jibu lilizaa swali jingine. Shaka haikosi chakula. Ukiinyima hiki, inakula kile.

Mambo hayo yangebaki ndani ya nyumba, kama si zamu ya kuchuma. Katika kitongoji kile wanawake huchumiana: leo kwa huyu, keshokutwa kwa yule, na mwenye shamba huwapa wenzake chai saa nne. Hakuna malipo mengine. Subilaga ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, majani mawili na kichipukizi, hakosei. Kwa hiyo alipokaa kwenye benchi na kikombe chake kikabaki kimejaa mbele yake, wote walikiona. Maziwa yakafanya utando juu. Sekela, jirani wa karibu, ndiye aliyesema.

“Mchuma chai asiyekunywa chai, jamani! Mganga akiikataa dawa yake, wewe utaimeza?”

Wanawake walicheka. Kisha mmoja akaweka kikombe chini taratibu, na wa pili, na wa tatu. Sekela mwenyewe akasema amekumbuka kwamba amefunga, na punje za kande zilikuwa bado kwenye kidevu chake.

Zamu iliyofuata walikuja wawili tu. Majani yakakomaa mtini, yakawa magumu, na gari la kiwanda lilipokuja yakakataliwa, yakamwagwa kando ya barabara kila mtu akiona. Mama Gwamaka aliyazoa kwa mikono yake. Katika milima ile mwanamke ambaye chai yake hainywewi hana jirani. Hataletewa moto, hataitwa kwenye harusi, na akifa watakuja wachache, nao wataondoka mapema. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi. Wakakubali kuja mara moja tena. Ndiyo sababu asubuhi ile, birika mkononi, alimwambia mkwe wake maneno yale.

Saa nne mvua ilianza. Wanawake watano walipanda kutoka shambani wakajipanga jikoni, nguo zikitoa mvuke. Mama Gwamaka alimimina. Alionja kikombe cha kwanza kabla ya kukitoa, na hakuna aliyemwambia, “Aa, mama, ya nini?” Akampa kila mtu chake. Cha mwisho akampa Subilaga. Hakuna aliyeinua kikombe.

“Subi, mwenzetu,” alisema Sekela, “leo tunakunywa pamoja, au tunakutazama?”

Subilaga alikishika kikombe. Kilikuwa cha moto, na harufu ya tangawizi aliijua. Nguo zake zilikuwa zimefungwa katika kitenge nyuma ya mlango, kila mtu aliziona. Funda moja lingezirudisha sandukuni. Lingewarudisha wachumaji shambani, na mama mkwe kwa majirani zake. Naye alimpenda mama mkwe, jambo hilo msilisahau.

Mama Gwamaka akasogea, akainama. Sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

“Mwanangu, funga macho umeze. Mungu gani atakufukuza kwa funda moja?”

Amri ya asubuhi Subilaga aliiweza. Ombi hili lilimshinda nguvu, akatokwa na machozi, na wanawake walipoyaona machozi wakatazamana. Ndiyo hayo, walisema kwa macho. Anaogopa. Anajua kilichomo. Sekela akakisukuma kikombe chake mbali kwa kidole kimoja.

Ninyi mnaouliza kila siku chai ina nini hata watu wale wasiinywe, sikieni alivyojibu mwanamke huyu, ambaye hakuwa mwalimu wala daktari.

“Mama,” alisema, “sijui chai ina nini. Sikuiacha kwa kuwa nilikuta kitu ndani yake, wala ndani yako. Niliahidi, basi. Miaka sita namwepuka baba. Akija, naingia majanini hata kwenye matope. Alipokaa, siketi. Jina lake sijalitia mdomoni. Umewahi kuniuliza baba ana sumu gani?”

Wanawake wote watano walikuwa wake za watu, na kila mmoja alikuwa na njia aliyoiacha, na jina asilolitamka. Mmoja wao alikuwa bado na tope kwenye sketi, kwa kuwa asubuhi ile alimpisha baba mkwe wake kwenye kona ya daraja. Alilitazama tope lile.

Hapo kikasikika kikohozi.

Kilisikika karibu sana, si cha mtu anayekuja, bali cha mtu aliyekwisha kufika na kusimama chini ya paa akikinga mvua. Mwenye nyumba hakuwa na desturi ya kuja jikoni wanawake wakiwamo. Subilaga alikiweka kikombe juu ya benchi, akavuta kanga kichwani, akageukia ukuta. Wanawake wakasimama. Mama Gwamaka akashika birika kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

Mzee hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni akiwapa mgongo, macho yake kwenye shamba na mvua, ili asimtazame mkwe wake. Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akasema:

“Hicho kikombe chake nipeni mimi, na yeye mpeni maji. Na anayetaka kujua chai ya mke wangu ina nini, aniambie kwanza mimi nina nini.”